Halibati mkubwa ni wa nani? Ugomvi wa Alaska kati ya wavuvi wa burudani na wavuvi wa kitoweo

Kuna picha moja ya uvuvi wa Alaska ambayo hata kama hujawahi kufika huko ushaiona, samaki bapa kaning'inizwa gatini, kamzidi urefu binadamu aliyesimama pembeni, na jamaa mwenyewe anacheka meno yote nje. Picha hiyo inagombanisha watu kuliko unavyofikiria. Wa kwanza atasema hongera sana kaka, wa pili atasema umeua mama wa mamilioni, wa tatu atauliza mbona wenyeji wanaruhusiwa kuvua ishirini kwa siku na mimi niliyelipa hela yangu napimiwa samaki kwa rula. Wote watatu wanaongea kwa uchungu kabisa, na wote watatu kwa maoni yangu wanachanganya vitu ambavyo havikai pamoja, ndo maana ugomvi hauishi. Acha tuvitenganishe taratibu.

Tuanze na samaki mwenyewe maana bila kumjua hutaelewa kelele za nini. Halibati wa Pasifiki yuko kwenye ule ukoo mpana wa samaki bapa, huku pwani kwetu tuna gayogayo anayelala mchangani kajifunika, sasa huyu ni wa aina hiyo ila kakua kupita adabu. Akianguliwa anakuwa na jicho kila upande kama samaki wengine, halafu akiwa na urefu wa inchi moja hivi jicho la kushoto linahamia kulia na anaanza kulala ubavu, upande wa juu rangi ya tope, wa chini mweupe. Anaishi sana, waliopimwa umri wamefika hadi miaka 55. Na hapa sikiliza vizuri: wakubwa karibu wote ni majike. Dume huwa hafiki mbali, ukisikia halibati wa paundi 100 kwenda juu, yaani kilo 45 na zaidi, weka dau ni jike na utashinda karibu kila siku. Jike kwa wastani linaanza kuzaa likiwa na miaka kama 12, na mayai yanaongezeka kadri mwili unavyoongezeka, wa paundi 50 anataga kama nusu milioni kwa mwaka, wa paundi 250 anafika milioni 4.

Rekodi ya uvuvi wa burudani ni samaki wa paundi 459, kilo 208 hivi, aliyevuliwa Unalaska mwaka 1996. Mwaka 2014 mzee wa miaka 76 kutoka California alimpata wa paundi 482 karibu na Gustavus na rekodi akanyimwa, kwa sababu samaki alipigwa chusa na risasi kabla ya kuingizwa botini, na sheria za wanaotunza rekodi haziruhusu. Usishangae habari ya risasi. Samaki wa kilo mia mbili akiingia hai kwenye boti ndogo akaanza kupiga mkia anavunja mguu wa mtu, kwa hiyo manahodha wengi wanammaliza akiwa bado majini.

Wenyeji wana majina yao, wadogo wanaitwa kuku na wakubwa wanaitwa milango ya ghala. Ukimuuliza mpishi wa huko atakwambia kuku ndo mtamu, nyama laini, mlango wa ghala nyama yake inakuwa na nyuzinyuzi na ukizembea jikoni inakauka. Halafu kuna zebaki, samaki anayeishi miaka mingi huku anakula wenzake anaikusanya mwilini, na idara ya afya ya Alaska inashauri wajawazito na watoto wapunguze kula halibati wakubwa. Kwa hiyo yule anayevua kwa ajili ya sufuria hana sababu kubwa ya kumtamani jitu. Akija kwenye ndoano hamtupi, ila hakuamka asubuhi kumtafuta yeye.

Sasa hilo peke yake lingetosha kumaliza ugomvi kama ugomvi ungekuwa ni wa samaki mkubwa kweli.

Tujue kwanza nani wanavua. Kuna wavuvi wa biashara, wanatega mishipi mirefu yenye mamia ya ndoano, ile ambayo wavuvi wa pwani wengine wanaiita dhulumati, na tangu 1995 kila mmoja ana kwota yake ya paundi, anaweza kuiuza au kuirithisha. Kabla ya hapo ilikuwa vurugu, msimu unafunguliwa masaa 24 tu na kila mtu anakimbilia baharini hata kama kuna dhoruba. Kuna boti za kukodi, mgeni analipa, nahodha anampeleka, anampa fimbo na chambo. Kuna mwenye boti yake au aliyeazima ya rafiki, huyu anavua kwa burudani pia ila hana nahodha wa kulipwa. Kuna wavuvi wa kitoweo, wanaovua cha kula wao na watu wao, sio cha kuuza. Na kuna meli za trola, zile zinazokokota nyavu, ambazo hata hazimtafuti halibati, hawa nitawarudia maana wenyewe wanapenda tuwasahau.

Juu ya wote imekaa kamisheni ya Marekani na Kanada ya kusimamia halibati, chimbuko lake ni mkataba wa 1923, ofisi ziko Seattle. Kila mwaka wanasayansi wake wanakadiria samaki waliopo, kamisheni inapanga kiwango cha kuvuliwa kila eneo, halafu serikali ndo inagawa nani apate nini.

Kitoweo sio kitu kilichozuka juzi. Watlingit na Wahaida wa kusini-mashariki mwa Alaska walikuwa wanavua halibati karne nyingi kabla hajafika mzungu na kijisheria chake, tena kwa ndoano ambazo mimi nikiziangalia nasema hawa watu walikuwa mafundi kwelikweli. Ndoano ni ya mbao, vipande viwili vimefungwa kwa umbo kama herufi V, kipande kimoja mti unaoelea vizuri kama mwerezi, kingine mzito zaidi, ncha ya mfupa au baadaye chuma, na kwenye kipande kimoja wamechonga sura, pweza, kunguru, sili, mtu wa dini yao. Ile nafasi kati ya vipande viwili ndo siri yenyewe. Samaki mdogo sana mdomo wake haulimezi lile dude, na jitu kubwa sana mdomo hauingii pale kati. Kwa hiyo ndoano inamchagua yule wa katikati, mwenye nyama ya kutosha na anayeweza kuingizwa kwenye mtumbwi bila kuuzamisha. Leo watu wa ofisini wanaandika kanuni kurasa na kurasa kutafuta jambo ambalo mchonga mbao alilimaliza kwa kisu.

Pamoja na historia yote hiyo, mpaka mwaka 2003 sheria ya shirikisho haikuwa inautambua uvuvi wa kitoweo wa halibati. Mama wa kijijini akitega mshipi wenye ndoano nyingi kulisha ukoo wake alihesabika kavunja sheria, maana kwa karatasi yeye alikuwa mvuvi wa burudani, fimbo moja, samaki wawili kwa siku, basi. Watu waliendelea kuvua hivyohivyo kimyakimya, wengine wakakamatwa. Mwezi wa tano 2003 ndo kanuni ikaanza, unajiandikisha unapewa cheti, unaruhusiwa mshipi usiozidi ndoano 30 na kwenye maeneo mengi samaki 20 kwa siku, huko kusini-mashariki hao 20 ni wa chombo kizima sio wa kila kichwa. Kuuza hapana. Kubeba wageni wanaolipa halafu uwavulie kwa cheti chako hapana.

Watu wengi wanadhani cheti hicho ni cha kabila tu. Sio hivyo. Kuna milango miwili, mmoja ni wa wanachama wa makabila ya asili yaliyoorodheshwa, mwingine ni wa mkazi yeyote wa mji au kijiji kinachohesabika cha mashambani, awe mzungu, Mfilipino, yeyote. Mzungu wa Petersburg ya hukohuko Alaska au Kodiak anakipata. Mkazi wa Homer, mji unaojiita makao makuu ya dunia ya uvuvi wa halibati, hakipati, maana Homer inahesabika sio mashambani, wakati Seldovia ng'ambo ya ghuba hiyohiyo wanapata. Unaona wenyewe jinsi majirani wawili wanaoangaliana kwa macho wanavyoweza kununiana.

Na ile namba 20 ndo inayowauma wageni. Mimi napewa mmoja, wawili nikibahatika, yeye ishirini? Kwa haraka haraka inaonekana uonevu. Ila ngoja. Watafiti wa idara ya uvuvi na wanyama ya Alaska wamehesabu vyakula vya porini kijiji baada ya kijiji kwa miaka mingi na wakakuta mtindo unaojirudia, kama asilimia 30 ya kaya ndo wanaleta karibu asilimia 70 ya chakula chote cha baharini na msituni. Yaani kuna kaya zenye boti, zenye vijana wenye nguvu, zenye friza, hizo ndo zinavulia na wengine: bibi mjane, mgonjwa, dada mwenye watoto wadogo, mzee ambaye magoti yamekataa. Kwa hiyo ukimuona kijana kashusha samaki kumi na tano usihesabu kinywa kimoja, hesabu masufuria ya mtaa mzima. Na hawendi kila siku. Mafuta ya boti kijijini ni ghali, kwa hiyo anatoka siku hali ya hewa ikikubali na anataka safari moja itoshe. Ukijumlisha uvuvi wote wa kitoweo Alaska nzima unakuta ni asilimia chache tu ya halibati wote wanaotolewa baharini kwa mwaka. Namba kubwa kwenye karatasi, samaki wachache kwenye mzani.

Nao wa burudani wana hoja zao na sio za kupuuza. Kwanza sio wote ni watu wa picha. Wageni wengi wanaopanda boti za kukodi wanataka minofu, wanaigandisha, wanapakia kwenye maboksi ya paundi 50 yanayokubalika kwenye ndege, wanaenda kula Ohio na Texas miezi sita. Sasa huyo anayekula samaki wake nyumbani kwake, tofauti yake na mvuvi wa kitoweo ni nini hasa? Ni swali zuri na jibu rahisi sina, zaidi ya kusema mmoja asipovua anapita supamaketi, mwingine supamaketi yake inategemea ndege ndogo au meli ya mizigo, na boksi la kuku linafika kwa bei ya kutia huruma. Pili pesa. Nahodha, mpishi wa loji, muuza chambo, fundi wa injini, wote wanakula kwa huyo mgeni, na wengine kati yao ni wenyeji haohao wa vijijini ambao jioni wanavua kitoweo. Mtu mmoja, kofia mbili. Wanaoandika kana kwamba ni makabila mawili yanayotazamana kwa mikuki hawajawahi kukaa kwenye mji wa watu elfu moja.

Tatu ni habari ya kumshika na kumwachia. Mvuvi wa burudani anasema mimi jike kubwa nimelipiga picha nikalirudisha, nimefanya wema kuliko aliyelila. Kwa upande wa samaki ana ukweli fulani, halibati hana kibofu cha hewa tumboni kwa hiyo kumvuta kutoka kina kirefu hakumpasui kama samaki wengine, na ukitumia ile ndoano ya duara inayoshika pembeni mwa mdomo wengi wanapona vizuri. Lakini kwa upande wa heshima hapo ndo mgongano mkubwa. Kwa watu wengi wa asili wa Alaska, Watlingit, Wayupik na wengine, samaki anajitoa mwenyewe kwa mtu anayemhitaji, ukimchezea mpaka achoke halafu ukamrudisha kwa sababu ulitaka kuona misuli yake, umemdhalilisha, na mwakani asikuje. Wanasema ni kuchezea chakula. Kwa hiyo kitendo kilekile mmoja anakihesabu ibada ya uhifadhi na mwingine anakihesabu utovu wa adabu, na wala hakuna takwimu itakayowapatanisha hapo maana hawabishani kuhusu idadi.

Sasa tufike penyewe. Watu wengi wakisoma kanuni za boti za kukodi kusini-mashariki mwa Alaska wanasema aha, serikali inalinda majike makubwa. Mwaka 2023 kwa mfano, mteja wa boti ya kukodi eneo hilo aliruhusiwa samaki mmoja kwa siku, awe na inchi 40 kushuka chini au inchi 80 kwenda juu, wa katikati wote anarudi majini. Inchi 40 ni kama kilo 13. Inchi 80 ni mita mbili, kilo mia na ishirini hivi. Tazama vizuri hiyo kanuni: yule mkubwa kabisa, mama wa mamilioni, ANARUHUSIWA kubaki naye. Anayelindwa ni wa katikati. Kama lengo lingekuwa kulinda wazazi wakubwa ungeandika kanuni ya kinyume chake.

Kinacholindwa hapo ni paundi. Tangu 2014 kuna mpango wa kugawana kati ya wavuvi wa biashara na boti za kukodi, kwenye maeneo mawili makuu boti za kukodi zinapata chini ya asilimia 20 ya kile kinachogawanywa. Wateja ni wengi, kila mmoja anataka samaki, kwa hiyo unafanyaje wasivuke fungu lao? Unapunguza idadi kwa kichwa, unafunga siku fulani za wiki, na unawalazimisha wachukue wadogo. Mwaka 2011 kanuni ilikuwa kali zaidi, mmoja tu asiyezidi inchi 37, hakuna cha jitu wala nini, na wenye boti wakalia kwamba wateja wanaahirisha safari maana hakuna anayevuka nchi kwa ajili ya kuku. Mwaka 2012 ikafunguliwa dirisha la juu. Hao majitu wanapatikana kwa nadra kiasi kwamba hawaongezi paundi nyingi kwenye hesabu, ila mteja anapanda boti akiwa na ndoto. Ni ujanja wa biashara, na mimi simlaumu aliyeubuni, ila tusiuite uhifadhi wa akina mama.

Kama bado una shaka kuna kitu kingine. Chini ya mpango huohuo wa 2014, mwenye boti ya kukodi anaweza kukodi kwota kutoka kwa mvuvi wa biashara halafu mteja akilipia paundi hizo anabaki na samaki wa saizi yoyote, hata yule wa katikati aliyekatazwa dakika tano zilizopita. Samaki ni yuleyule, mayai ni yaleyale, kilichobadilika ni fungu la nani limekatwa. Na yule mwenye boti yake binafsi asiye na nahodha wa kulipwa? Kwa miaka yote hii kanuni yake imekuwa samaki wawili kwa siku saizi yoyote. Wanavua bahari moja, hata mwamba mmoja. Ndo maana biashara ya kukodisha boti bila nahodha imestawi, na ndo maana wenye boti za nahodha wanapiga kelele kwamba kuna tundu kwenye ndoo. Mimi nadhani kelele hiyo ni ya haki kuliko ile ya kuwaonea gere wavuvi wa kitoweo, ila ni rahisi kumnyooshea kidole jirani mwenye cheti kuliko kugombana na mteja wa kesho.

Haya, vipi basi kuhusu yale mayai milioni 4, si ni hoja? Ni hoja, na kwenye samaki wengine ina nguvu sana. Sisi wa Ziwa Victoria tunaijua, kwa miaka mingi sheria ya sangara ilikuwa sentimita 50 hadi 85, mdogo umwache akue, mzazi mkubwa umwache azae, na wavuvi na wenye viwanda walikuwa wanaipigia kelele kila siku maana sangara mkubwa ana nyama na ana bondo la bei mbaya. Kwa halibati mambo hayako wazi hivyo. Wanasayansi wa kamisheni waliwahi kuangalia wazo la kuweka ukomo wa juu na hawakuona faida kubwa ya uzazi, kwa sababu inavyoonekana mwaka wa watoto wengi au wachache unategemea zaidi hali ya bahari, joto, mikondo, mizunguko ya Pasifiki inayochukua miongo ya miaka, kuliko idadi ya mayai. Mayai yamejaa, tatizo ni mangapi yanafika ukubwani. Hiyo haimaanishi ukimwachia jike kubwa umefanya upuuzi, hapana, mwachie kama roho yako inataka, mimi mwenyewe ningemwachia. Inamaanisha tu huwezi kulitumia kama rungu la kumpigia mwenzako kichwani.

Norwe nako walipiga marufuku mwaka 2017, halibati wao wa Atlantiki akizidi mita mbili ikabidi arudishwe, na sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa sumu mwilini mwa samaki wakubwa. Afya ya mlaji. Sababu inayoeleweka, huhitaji kumtukana mtu.

Malalamiko ya wavuvi wa kitoweo kwa boti za kukodi ukiyasikiliza vizuri hata hayahusu majitu. Yanahusu umbali. Boti za kukodi na za biashara zinafanya kazi karibu na mji, zinasafisha miamba ya jirani, na mzee mwenye boti ndogo ya injini moja inabidi atoke mbali zaidi, kwenye bahari ya baridi inayoua kwa dakika chache. Kwa takwimu za eneo zima samaki wapo tele, ila kwenye ile ghuba ambayo yeye anaweza kufika hawapo. Pale mji wa Sitka walilishughulikia hili vizuri kiasi mwishoni mwa miaka ya 1990, wadau wakakaa mezani, biashara, boti za kukodi, kabila, wakazi, wakakubaliana sehemu ya ndani ya ghuba yao wakati wa kiangazi iachiwe wavuvi wadogo. Baadaye hata wavuvi wa kitoweo wakapunguziwa humo kiangazi, ndoano 15 na samaki 5 kwa siku. Kila mmoja alitoa kitu. Napenda mfano huo kwa sababu haukuanza na nani mwema, ulianza na ramani.

Na sasa wale niliosema wanapenda wasahaulike. Bahari ya Bering kuna meli kubwa za trola zinakokota nyavu chini kutafuta samaki bapa wengine na samaki mweupe, na halibati wanaingia humo, wengi wadogo bado. Sheria inasema kwao halibati ni marufuku, hawaruhusiwi kumuuza, kwa hiyo anatupwa baharini, na mara nyingi anatupwa akiwa amekufa au anakufa. Kuna miaka kwenye Bahari ya Bering ambapo halibati waliokufa kwa njia hii walizidi wale waliovuliwa na wavuvi wa halibati wenyewe, na watu wa kisiwa cha Saint Paul, Waaleuti ambao halibati ndo ajira na chakula chao, walikaribia kufungiwa uvuvi wao wakati trola zinaendelea kutupa. Mwaka 2015 baraza la uvuvi lilipunguza ukomo wa trola, na mwezi wa kumi na mbili 2021 likapiga kura kwamba ukomo wa kundi kubwa la trola ufuate hali ya samaki, wakipungua na ukomo ushuke. Kabla ya hapo wavuvi wa ndoano walikuwa wanapunguziwa samaki wakipungua, trola namba yake imesimama palepale. Wenye trola wanajibu kwamba wameshabadilisha nyavu, wanapanga samaki juu ya staha haraka ili halibati warudi hai, na kwamba wanalisha dunia na kuajiri maelfu. Ni kweli. Ila ukitaka kujua halibati wanaenda wapi, anza kuangalia huko kabla ya kumkagua bibi wa kijiji cha Hoonah na mshipi wake.

Kuna jambo lingine linalofanya kila mtu aone mwenzake kamla samaki wake. Halibati wenyewe wamedogoka. Samaki wa umri uleule leo ana uzito mdogo sana kuliko wa miaka ya 1980, sio kwamba wakubwa wote wameshavuliwa, hata wanaofika uzee hawanenepi kama zamani. Sababu wanabishana, kugombania chakula na samaki bapa wengine waliojazana, uvuvi kuwaondoa wanaokua haraka, mabadiliko ya bahari, pengine vyote kwa pamoja. Nahodha wa miaka sitini anakumbuka milango ya ghala kila wiki, anaona hawapo, anatafuta mwizi. Mzee wa kijijini naye hivyohivyo. Kila mmoja anamuona mwizi kwenye boti ya mwenzake.

Kwa anayefikiria kwenda huko kutalii, maana wabongo na wakenya walioko Marekani siku hizi wanaenda kila kona: cheti cha kitoweo hutakipata kwa likizo ya wiki mbili, na ukipanda boti ya mwenyeji mwenye cheti huku umemlipa, kosa ni la wote wawili. Chukua laiseni ya burudani, muulize nahodha kanuni za mwaka huo maana zinabadilika karibu kila msimu, na kabla ya kulipa mwambie unataka nyama au unataka picha, kwa sababu ukitaka nyama atakupeleka kwenye kuku, mtarudi mapema, na friza itajaa.